Mackellar wa Korogwe

Cheti kilikuwa kizuri mno, na hilo ndilo lililomkera Placida Komba tangu alipokishika.

Alikigeuza mbele na nyuma, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakirudisha mezani kwa Suresh Vadgama. Suresh alikuwa wakili wa mirathi, na ofisi yake ilikuwa Stratford, ghorofa moja juu ya duka la simu. Saa mbili asubuhi tu, na tayari alikuwa amemaliza vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Mtu aliyelala vizuri hanywi chai namna hiyo.

"Nisomee tarehe," Placida alisema.

"Kimetolewa Korogwe, Machi 1981. Mtoto, Humphrey Francis Mackellar, kazaliwa 1975. Baba, Francis Mackellar. Mimi naona sawa tu, dada."

"Haya, sasa tazama nembo hapo juu."

Suresh alivaa miwani. Alizaliwa Tanga, akaondoka akiwa na miaka kumi na sita, na Kiswahili chake kilibaki na umri ule ule. "Nembo ya wakala wa vizazi na vifo. Si ya serikali hii?"

"Ya serikali, ndiyo. Ila wakala wenyewe serikali iliuanzisha mwaka 2006. Hebu niambie karani wa Korogwe wa mwaka 1981 aliiona wapi nembo yake. Alioteshwa?"

"Lahaula!" Suresh alivua miwani, akajifuta uso mzima kwa kiganja.

Placida hakushangaa. Alikula miaka kumi na mmoja katika upelelezi Dar es Salaam, dawati la makosa ya kughushi, na huko alishaona hati za viwanja vilivyo katikati ya mto na vyeti vya ndoa za watu waliozikwa zamani. Tangu ahamie London alikuwa akimtafutia Suresh warithi wa watu waliokufa bila wosia, na ugonjwa aliupata kule kule polisi: hakuiamini karatasi mpaka imtukane kwanza kwa ubovu wake.

Marehemu wa safari hii alikuwa Duncan Mackellar, Mskoti wa miaka themanini na minane. Alifariki mwezi Februari nyumbani kwake Barking. Hakuwa na mke, mtoto wala wosia, na asipopatikana ndugu wa damu nyumba inakwenda serikalini. Wiki tatu zilizopita akajitokeza huyu Humphrey, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, akaapa kwamba babu yake ni Neil Mackellar, ndugu yake baba yake Duncan. Neil alikuwepo kweli. Alikwenda Tanganyika kusimamia shamba la mkonge, na huku Uingereza ikaandikwa kwamba alikufa 1956 bila kuacha mtoto.

"Saa kumi napeleka faili," Suresh alisema. "Ama naomba mirathi kwa jina la Humphrey, ama napiga simu polisi. Kiapo chake kimepita mikononi mwangu. Siwezi kukikalia."

"Usipige bado. Jina la Mskoti haliokotwi barabarani, Bwana Suresh. Kuna mtu aliyemwonyesha nyumba ile, na huyo ndiye ninayemtaka."

Suresh alimsukumia bahasha nene. "Basi chukua na hii, imefika jana. Asili ya ukoo wa Mackellar, kurasa arobaini. Usome."

"Kurasa arobaini za jina moja? Wazungu bwana, wana muda," Placida alisema, akaitia mkobani.

*

Jirani wa marehemu pale Barking alikuwa Gurpreet, mama wa Kisikh wa miaka sabini hivi, mzaliwa wa Nairobi. Alimwingiza Placida jikoni kabla hajamaliza kujitambulisha.

"Kuja ndani, kuja, hiyo baridi itakumaliza. Unataka kujua nini juu ya Duncan?"

"Nani alikuwa akimtunza, mama?"

"Watu wawili. Kuna yule wa kaunsili, Jumatatu mpaka Ijumaa. Huyo anaingia, anatoka, dakika kumi na tano. Halafu kuna wa Jumapili."

Placida aliacha kuandika. Orodha ya kampuni ya watunza wazee inayotumwa na kaunsili, ile halmashauri ya mji, ilikuwa ndani ya faili lake, na haikuwa na mtu wa Jumapili. "Wa Jumapili ni nani?"

"Nancy! Wa kwenu, Tanzania. Miaka mbili hajakosa. Anapika, anamkata kucha, anamsomea gazeti. Duncan alikuwa anavaa tai Jumapili, mzee yule, unaamini? Tai!"

"Na nani alikuwa akimlipa Nancy?"

"Si kaunsili? Duncan mwenyewe aliniambia ni kaunsili ilimtuma."

"Kaunsili hawamjui, mama."

"Wacha!" Gurpreet alitua birika. Furaha ya kuwa na mgeni ilimtoka usoni, akaanza kuchagua maneno. "Huyo ni mtu mzuri, lakini."

"Sijasema ni mbaya. Siku aliyokufa mzee, Nancy alikuwepo?"

"Alikufa Jumapili." Mama alivuta kiti, akaketi. "Nancy ndiye aliita ambulensi. Halafu akakuja hapa kwa mlango, analia, anashika mkono yangu. Akasema, mama, kaa na yeye, mimi siwezi kuonekana. Ambulensi ikifika, yeye hayuko."

Placida aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa: *mimi siwezi kuonekana.* Mwanamke asiyelipwa, asiyejulikana popote, anaingia miaka miwili kwa mzee asiye na mtu. Mzee anakufa mikononi mwake, yeye anatoweka. Wiki chache baadaye anatokea ndugu wa damu na cheti cha kughushi. Kwa kesi ya namna hiyo polisi wa nchi yoyote hawahitaji hata kufikiri.

"Una picha yake?"

Gurpreet alikuwa nayo kwenye simu. Mzee mwembamba mwenye tai, keki, na nyuma yake mwanamke wa miaka arobaini na kitu akicheka, mkono begani mwa mzee. Placida aliomba atumiwe, pamoja na anwani ya Nancy, na mama akavitoa vyote kwa shingo upande.

*

Humphrey alikuwa ndiyo kwanza atoke shifti ya usiku. Alikaa Hounslow, chini ya njia ya ndege, na kila baada ya dakika mbili ilipita moja juu ya paa mpaka vikombe vikalia kabatini. Alikuwa pande la mtu, mpole wa sauti, na alimkaribisha Placida kwa heshima zote za nyumbani. Kwa Placida hilo nalo lilikuwa na dalili yake. Mwongo hodari huanza na adabu.

"Nina maswali machache tu, kaka. Cheti chako ulikipata wapi?"

"Korogwe."

"Lini?"

"Zamani. Nikiwa mtoto."

"Ulikichukua mwenyewe?"

"Baba alichukua."

"Mwaka?"

"Kama kilivyoandikwa, dada. Themanini na moja."

"Baba yako aliitwa nani?"

"Francis Mackellar." Alilitaja jina kwa uangalifu, jinsi mtu anavyovuka ubao wa mfereji.

Ndege ilipita, wakanyamaza. Placida alitumia nafasi hiyo kutazama ukutani. Palikuwa na picha ya mzee wa rangi ya maji ya kunde, pua ndefu, imewekewa fremu nyeusi. Chini yake waliandika kama wanavyoandika watu wote misibani: *Marehemu Francis Neil, 1948–2011.* Kando yake palikuwa na picha ya familia, na katikati ya familia, akicheka kicheko kile kile cha kwenye keki, alisimama Nancy.

"Na huyu?"

"Dada yangu mdogo. Nancy."

"Yuko London?"

"Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee."

"Alimjua marehemu Duncan?"

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe. Kwenye fremu hapo baba yako ni Francis Neil. Kwenye cheti ni Francis Mackellar. Ulikuwa na baba wangapi, kaka?"

Humphrey alisimama, akafungua mlango, akasema anahitaji kulala. Placida alitoka bila ubishi. Alishapata alichofuata: jamaa huyu hakuwa Mackellar hata chembe. Alikuwa mtoto wa bwana fulani Neil wa huko Korogwe, dada yake akanusa nyumba isiyo na mwenyewe, naye akavaa jina la watu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mzee Duncan aliyemla alikuwa akimkata kucha.

Saa saba na robo alipanda treni kurudi Barking kumfuata Nancy, amejaa hasira. Alikuwa akimfikiria yule mzee na tai yake.

*

Treni ilisimama ndani ya handaki. Abiria waliombwa radhi kwa kipaza sauti, wakaombwa tena, kwa robo tatu ya saa nzima. Simu haikushika. Kwa kukosa la kufanya Placida alitoa zile kurasa arobaini.

Alisoma kwa kuruka. Ukoo ulitoka Argyll, magharibi ya Uskoti, mabonde ya mvua na mawe. Kisha wenye ardhi wakaona kondoo wanalipa kuliko watu, watu wakafukuzwa. Wengine walivuka bahari hadi Kanada, wengine wakateremka Glasgow kuunda meli. Kutoka Glasgow wakatoka ndugu wawili: Archibald akashuka London, akanunua nyumba Barking, akamzaa Duncan. Neil akaenda kwenye mkonge.

Alitaka kufunga, jicho likashuka kwenye aya moja. Zamani, mtafiti aliandika, Mackellar halikuwa jina la ukoo kabisa. *Mac* kwao ni "mwana wa", na mtu aliitwa mwana wa Ealar kwa kuwa baba yake ni Ealar kweli. Mtoto wa huyo naye aliitwa kwa jina la huyo, si la Ealar. Jina lilibadilika kila kizazi, baba kwa mtoto, mpaka makarani wa serikali na wa makanisa walipochoka, wakaligandisha kalamuni. Tangu hapo kila mtu akawa mwana wa Ealar, hata asiyemjua.

Placida aliisoma aya mara mbili. Kisha akajipiga paja kwa nguvu mpaka abiria wa mbele akashtuka.

"Mjinga mimi!"

Kwao Songea watu hushika jina la ukoo. Yeye ni Komba, baba yake Komba, babu yake Komba. Alikulia nalo kama Mwingereza na lake, na ndiyo maana hakuona. Lakini Korogwe? Korogwe, na Tanzania karibu yote, mtu ana jina lake, la baba yake, na la babu yake, basi. Babu mwenyewe huingia kwa jina lake la kwanza, lile aliloitwa na watu. Mtoto wa Neil Mackellar angeitwa Francis Neil. Na mtoto wa Francis angeitwa Humphrey Francis Neil, bila Mackellar kuonekana popote. Jina la Kiskoti lingepotea kwenye karatasi katika kizazi cha kwanza tu, na damu ikabaki pale pale.

Fremu ile ya msiba haikumkana Neil Mackellar. Ilikuwa inamtaja.

Sasa shaka ilimgeukia upande mwingine, na huu ulimtisha zaidi. Ikiwa huyu bwana ni mjukuu kweli, kwa nini alighushi?

*

Nancy alipanga chumba dakika kumi kutoka nyumba ya marehemu. Alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazi, na nyuma yake Humphrey alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevua viatu, kichwa chini. Alikuwa amemlipia rafiki mafuta, akaletwa kwa gari wakati Placida amezikwa handakini.

"Shikamoo," Nancy alisema, ingawa hawakupishana sana kwa umri.

"Marahaba. Jina lako kamili, mama?"

"Nancy Francis Neil."

"Neil ni nani?"

"Babu."

"Neil nani?"

Nancy alimtazama kaka yake. Kaka hakuinua kichwa. "Mackellar," Nancy alisema kwa sauti ndogo.

Placida alivuta kiti pekee, akaketi bila kukaribishwa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. "Nieleze ulivyoingia nyumba ile. Ukidanganya nitajua, na sina muda wa kukusamehe."

"Nilikuwa na barua ya babu yenye anwani ya nduguye hapa Barking. Baba alinipa kabla hajafa. Nilipopata kazi huku nikasema Jumapili moja nikaione nyumba tu, kutoka nje. Mzee akafungua mlango. Akaniambia, umechelewa, aliyekutangulia alikuwa akija saa nne." Nancy alicheka na machozi yakamtoka papo hapo. "Alidhani nimetumwa na kaunsili. Nikaingia. Nikamwosha vyombo. Nilitaka kumwambia siku ile, dada, haki ya Mungu. Na Jumapili ya pili nilitaka. Ya tatu ikaja. Nikaona akijua sasa atadhani nimefuata nyumba, kumbe mimi nilifurahi tu kuwa na ndugu mji huu."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili."

"Na siku aliyokufa ukakimbia."

"Nilikimbia. Kibali changu ni cha kazi moja, mahali pamoja. Wangenikuta pale ningesema nini? Nani angeamini namtunza mzungu bure?"

"Hata mimi nisingeamini," Placida alisema. Asubuhi nzima hakuwa ameamini. Akamgeukia Humphrey. "Na wewe?"

Humphrey alizungumza na sakafu. "Nancy hakujua kitu. Alipofiwa alinisimulia, akasema yamekwisha, tumwombee. Mimi nikaona ni ya babu yetu ile, iende serikalini kwa nini? Nikapeleka cheti changu ofisi moja ya kutafuta koo. Cha kweli. Yule karani akakisoma, akanicheka. Akasema Mackellar iko wapi hapa? Huyu Neil ndiye ukoo wenu, katafute akina Neil wenzako. Nikaeleza. Hakunielewa. Nikaeleza tena, akaita anayefuata." Alifuta uso. "Nikampigia mtu Kariakoo. Akasema anaweza kukinyoosha kionekane cha Kizungu. Cha zamani akaniambia nichome, visikutane."

"Ukachoma?"

"Nikachoma."

Loo! Placida alitamani kumpiga kofi. Mtu mwenye haki yake mkononi, anaichoma, anakwenda kununua uongo uliovaa vizuri zaidi.

"Nancy," alisema, "cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi?"

"Sina."

Alijibu haraka mno. Placida alimtazama machoni, naye Nancy akayahamishia yake dirishani.

"Kazi ya kutunza wazee huipati bila cheti. Unacho. Na kama baba alikupa barua, alikupa na cha kwake."

"Nimesema sina."

Ndipo Placida alipoelewa. Vyeti viwili vya watoto wa baba mmoja, vikiwekwa pamoja, kimoja kinasema Francis Neil na kingine Francis Mackellar. Cha Nancy kingemthibitisha kuwa mrithi, na papo hapo kingemfunga kaka yake. Asipokitoa, faili linabaki na cheti cha kughushi, mwanamke asiyetumwa na mtu, na maiti ya Jumapili.

"Sikiliza, mdogo wangu. Saa kumi faili linakwenda. Nikiondoka mikono mitupu, polisi wanakuja hapa kwako kabla ya kwenda kwake. Watauliza ulimlisha nini yule mzee. Kazi itakwenda, kibali kitakwenda, na jina lako litakaa gazetini karibu na lake."

"Waje."

"Nancy!"

"Waje, dada. Nyumba wachukue. Mimi kaka yangu simpeleki jela kwa mkono wangu."

Humphrey aliinuka. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta sanduku. Nancy alimrukia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Humphrey, usithubutu!"

"Niachie."

"Watakufunga! Watoto wako watakula nini?"

"Nimeghushi mimi. Wewe ulikuwa unamkata mzee kucha." Alijinasua taratibu, bila kumuumiza, akatoa bahasha ya kaki na kumpa Placida. "Soma."

Nancy aliketi sakafuni, akalia kwa sauti.

Placida alisoma akiwa amesimama. Cheti cha kwanza kilikuwa cha mwaka 1979, kimeandikwa kwa mkono, wino umefifia kama ulivyofifia kwenye vyeti vyote vya miaka ile: Nancy, binti wa Francis Neil. Cha pili kilikuwa cha ubatizo cha misheni, 1948, kimekunjwa mpaka mikunjo imekatika. Mtoto, Francis. Mama, Agnes Mhina. Baba, Neil Mackellar, Mskoti, meneja wa shamba. Alipitisha kidole juu ya muhuri, akautazama kwa lenzi, akalinganisha sahihi ya Neil na ya kwenye ile barua ya babu, iliyokuwa humo humo kwenye bahasha. Alitafuta kosa kwa dakika kumi nzima, akitaka kweli kulipata. Hakulipata.

Saa kumi kasorobo alipiga simu. Suresh alipokea kabla haijaita mara mbili.

"Niambie, dada. Mirathi au polisi?"

"Vyote viwili."

"Una maana gani, vyote viwili?"

Placida aliwatazama watu wawili wale. Alisema bila kupamba:

"Warithi wako wawili, Bwana Suresh, na wote ni Mackellar wa haki. Mmoja mwandalie fomu. Mwingine mtafutie wakili mzuri wa jinai, tena leo hii hii, kabla hawajamfuata."

Alipokata simu, Humphrey alikuwa ameshaanza kuvaa viatu.